Mtoto akiletewa dili la chuo: niliyowaambia wazazi wa basketi hapa Lexington, Kentucky, Marekani

(Nimeyaandika kama nilivyoyasema ukumbini maana wengi waliomba. Nimetoa vicheko tu na pale maiki ilipozima.)

Shikamooni wazazi. Karibuni mama zangu na baba zangu wa Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya, wote mliojibana kwenye hivi viti vya plastiki. Na nyie vijana mliokaa nyuma na simu zishusheni kidogo, leo tunaongelea hela na najua hela hamzichukii.

Kila nikimaliza mazoezi kuna mzazi atanivuta pembeni, kocha eti kweli vyuo vinalipa siku hizi, eti mtoto wa fulani kapewa gari, sasa huyu wangu mbona hawamuoni. Ndo maana nimeombwa nisimame hapa. Vinalipa, ndiyo, na kuna wanaolipwa kuliko daktari wako. Lakini mimi nimefuatilia hizi timu muda mrefu na ninavyoona hela ikiwa wazi, hata iwe nyingi, timu inaishi nayo. Kinachozitafuna timu ni dili za mwaka mmoja mmoja na ahadi za mdomo, na ndo hivyohivyo vinaamua nani asajiliwe na nani aachwe, kwa hiyo nyie wazazi vinawahusu kabla mtoto hajagusa hata lango la chuo.

Turudi nyuma kidogo, vijana wengine hapa mlikuwa hamjazaliwa. Watanzania mnamkumbuka Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, Makongo pale, akaja Marekani akamalizia sekondari Texas, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut 2006, akacheza mpaka 2009 wakafika nne bora ya ubingwa wa vyuo, halafu Memphis wakamchukua wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu za kulipwa zinapochagua vijana. Ile miaka mitatu uwanja unajaa, jezi zinauzwa, TV inalipa, kocha analipwa mamilioni, na yeye kwa sheria anapata ada, malazi, chakula, basi. Angekubali hela ya kutangaza soda wangemfungia. Na hata hicho chakula msikipambe sana, maana 2014 Shabazz Napier wa hukohuko Connecticut, msimu waliobeba ubingwa, aliwaambia waandishi kuna usiku analala na njaa kwa sababu hana hela ya kununua kitu. Bingwa wa taifa huyo! Aprili mwaka huohuo NCAA, ndo wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakapitisha haraka haraka wachezaji wapewe chakula bila kikomo. Wakati huo mashindano yao ya Machi yalikuwa kwenye mkataba wa TV wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14.

Aliyewavunjia ukuta ni Ed O'Bannon, bingwa na chuo cha UCLA cha California 1995. Miaka imepita, kaacha mpira, anauza magari, siku moja anaonyeshwa gemu ya video na mle ndani kuna mchezaji wa UCLA kama yeye kabisa, namba yake, mkono wake wa kushoto, na hajalipwa hata senti. Akafungua kesi 2009, jaji Claudia Wilken akampa ushindi 2014, mlikumbuke hilo jina la jaji maana linarudi. 2019 jimbo la California wakapitisha sheria yao ya kumruhusu mchezaji auze jina lake, Juni 2021 Mahakama ya Juu majaji wote tisa wakaikataa hoja ya NCAA kwenye kesi nyingine ya Alston, na tarehe 1 Julai 2021 NCAA wakanyoosha mikono, mchezaji akaruhusiwa kuuza jina lake, picha yake na sura yake. Ndo hiyo NIL mnayoisikia.

Na kabla mtu hajasema enzi zile kulikuwa na usafi, hapana jamani. Septemba 2017 FBI waliwakamata watu wa adidas, madalali na makocha wasaidizi kwa mchezo wa kupitisha hela chini ya meza. Kulikuwa na kijana anaitwa Brian Bowen, familia yake iliahidiwa dola 100,000 ili aende Louisville, hapo tu chini ya barabara. Baba yake alikuja kukiri mahakamani kwamba alikuwa anapokea. Kijana hakucheza hata mechi moja ya chuo, akaishia kwenda kucheza Australia, kocha Rick Pitino akafukuzwa kazi, na kuna watu walihukumiwa kifungo. Leo hiyo laki moja ya dola kwenye ligi kubwa ni hela ya mtu wa benchi. Inaniuma nikifikiria, yaani alichokosea yule mtoto ni kuzaliwa miaka minne mapema.

Sasa hela inatoka wapi. Kuna ile ambayo kila mtu anaifikiria, kampuni inakulipa uitangaze. Siku ileile ya 1 Julai 2021 mapacha Haley na Hanna Cavinder, wasichana waliokuwa wanacheza Fresno State, walisaini na Boost Mobile, kampuni ya simu, na sura zao zikapandishwa kwenye mabango ya Times Square. Paige Bueckers wa Connecticut akaenda na kinywaji cha Gatorade mwaka huohuo, nyota Cooper Flagg alipokuwa chuo cha Duke alikuwa na viatu vya New Balance. Hela safi hiyo, kampuni inajua inanunua nini. Ila wa aina hiyo wanahesabika, huwezi kupanga maisha ya mwanao kwa kumuangalia Cooper Flagg.

Hela ya wengi ilipitia kwa matajiri. Mliotoka Bongo hili halihitaji maelezo, mnajua Simba na Yanga dirisha la usajili likikaribia mashabiki wanamuangalia tajiri wa timu kabla hawajamuangalia kocha. Hapa ni hivyohivyo, wafanyabiashara wanaoipenda timu wanachanga, wanaunda mfuko, mfuko unamlipa mchezaji, halafu kwenye karatasi imeandikwa kalipwa kwa kusaini mipira na kupiga picha na watoto kwenye hafla. Kila mtu anajua ni mshahara. Hafla zenyewe nimehudhuria, keki nzuri.

Halafu tarehe 6 Juni 2025 yuleyule jaji Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House, ya Grant House, muogeleaji wa Arizona State. Waliocheza miaka ya nyuma wanagawiwa karibu dola bilioni 2.8 kwa miaka kumi, na kuanzia Julai 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, kikomo mwaka huo wa kwanza kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote. Msishangilie bado. Vyuo vingi vikubwa asilimia 75 hivi inaenda kwenye futiboli yao ya Kimarekani, basketi ya wanaume kama 15, ya wanawake kama 5, piga hesabu mwenyewe hiyo 15 ni kama milioni 3 kwa kikosi cha watu 15, na ukishawalipa wakali wawili watatu wanaobaki wanagawana makombo. Ndo maana matajiri hawajaondoka, ila dili yoyote ya kuanzia dola 600 inatakiwa iripotiwe ikaguliwe kama ni biashara ya kweli. Kukagua ukarimu wa tajiri anayeipenda timu yake, kazi kwelikweli.

Haya, usajili. Kuna jambo la pili lililoingia pamoja na hela na wengi hamliweki kwenye hesabu. Uhuru wa kuhama. Zamani ukihama chuo unakaa mwaka mzima hujacheza, unavaa suti unakaa benchi. Aprili 2021 wakaruhusu kuhama mara moja bila adhabu, miezi mitatu kabla ya hela kufunguliwa, na 2024 wakaondoa kikomo kabisa, unahama kila mwaka ukitaka ilimradi masomo yako yapo sawa. Kuna mfumo wanauita poto, jina lako likiingia humo makocha wote wanaruhusiwa kukupigia. Msimu mmoja tu wanaingia zaidi ya wachezaji 2,000 wa kiume wa daraja la kwanza. Unganisha sasa hivyo vitu viwili, mtu anaweza kulipwa na anaweza kuondoka, kila mwaka mwezi wa nne nchi nzima ni mnada.

Na anayeumia kimyakimya kwenye huu mnada ni huyu wa kwetu wa miaka 17, 18. Jiweke kwenye viatu vya kocha. Una hela ya mchezaji mmoja, mezani una kijana wa sekondari mwenye kipaji ambaye ukimfundisha miaka miwili atakuwa moto lakini akishakuwa moto mwingine atamchukua, na pembeni una jamaa wa miaka 22 mwenye ndevu na kifua, kashacheza mechi mia za chuo, ananyanyua vyuma kuliko wewe. Unamchukua nani? Angalia mabingwa wa 2025, Florida, waliowafunga Houston 65 kwa 63 pale San Antonio. Walter Clayton Jr., yule aliyewapiga Auburn pointi 34 kwenye nne bora, alianzia Iona, chuo kidogo New York. Alijah Martin katoka Florida Atlantic, Will Richard katoka Belmont. Wote watatu walikomazwa kwingine, kwenye vyuo ambavyo wazazi wengi hapa mnavikunjia pua.

Juu kabisa bado wanagombaniwa, AJ Dybantsa aliposema anaenda chuo cha BYU magazeti yaliandika milioni 5 mpaka 7, kwa mtoto wa sekondari. Huyo ni mmoja kwenye nchi ya watu milioni mia tatu na kitu. Wanaofuata, yaani kijana mzuri wa jimbo, pointi gadi anayefunga 20 kila mechi hapa Fayette County, miaka kumi iliyopita chuo cha kati kingemkimbilia, leo kocha wa chuo hichohicho anamwambia nenda kwanza chuo kidogo, ukikomaa tutaonana kwenye poto. Siwatishi. Nawaambia ili mtoto asipopigiwa simu na Duke msimnunie kana kwamba kavuta bangi.

Na mazungumzo yenyewe yamebadilika. Kocha zamani alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi, akasifia chakula cha mama hata kama pilipili imemtoa machozi, akaongelea masomo na kanisa. Sasa kabla kocha hajafika anapiga ajenti kuuliza mnataka ngapi. Kuna vyuo vimeajiri mameneja wakuu kama timu za NBA, kazi yao ni kugawa fungu na kubishana na maajenti. Mimi hilo sioni ubaya kusema kweli, bora mnaongea bei mezani kuliko kuambiwa habari za familia na upendo halafu baada ya mwaka familia inakwambia nafasi yako imechukuliwa.

Tuje kwenye umoja wa timu, maana kila mtu ana usemi wake, wazee wanasema hela imeua basketi ya vyuo, vijana wanasema wazee wana wivu. Mimi nawapa habari ya chuo cha Miami muamue wenyewe.

Machi 2022 Miami walifika nane bora, timu nzuri, nyota wao Isaiah Wong. Aprili, kijana anaitwa Nijel Pack anahama Kansas State kuja Miami, na tajiri mmoja wa pale, John Ruiz, anatangaza mwenyewe mtandaoni, bila aibu, kwamba kampuni yake inampa dola laki nane kwa miaka miwili, na gari juu. Hebu jifanye wewe ndo Wong. Umeipeleka timu nane bora, mgeni hajafungua hata begi na dunia nzima imeambiwa analipwa laki nne kwa mwaka. Ajenti wa Wong akaenda ESPN, kituo cha habari za michezo, akasema dili isipopandishwa kijana anaingia poto. Ruiz akasema mimi sibadilishi mkataba, akitaka kuondoka namtakia heri. Kelele siku mbili, halafu Wong mwenyewe akajitokeza akasema anabaki.

Wenye busara zao wote wakaandika kwamba hicho chumba cha kubadilishia nguo kimekufa. Msimu uliofuata Wong akawa mchezaji bora wa ligi yao, Pack akawapiga Houston pointi 26, na Miami wakafika nne bora mara ya kwanza kwenye historia ya chuo, mpaka Connecticut walipowatoa. Wamecheza pamoja, wamekumbatiana, wamepigana vikumbo kwa ajili ya mwenzao. Kwa nini? Mimi nasema kwa sababu kila mtu alijua. Ilisemwa, ikauma, watu wakagombana hadharani, ikaisha. Vijana wa sasa sio wajinga, wanajua anayefunga sana analipwa sana, hilo wanalikubali kirahisi kuliko sisi wazee. Wanachoshindwa kukubali ni kuambiwa sisi wote sawa halafu uje kugundua mwezi wa pili kupitia binamu wa mtu.

Lakini habari haikuishia hapo, na hapa ndo ninapokereka. Kocha wa Miami, Jim Larrañaga, mzee wa watu, aliacha kazi Desemba 2024 katikati ya msimu. Alieleza kwamba baada ya ile nne bora, kikao cha kwanza na wachezaji, wanane walimwambia wanaingia poto. Akawauliza kwani hapa hamkupenda, wakajibu tunapapenda sana kocha, ila kuna hela kwingine. Wanane! Wametoka kutengeneza historia pamoja wiki chache tu nyuma, hakuna ugomvi, hakuna chuki. Hilo ndo ninaloliita tatizo, mkataba wa mwaka mmoja. Mchezaji anajua Aprili inakuja, kocha anajua, ajenti ndo usiseme, kwa hiyo ikifika Januari kila pasi unayotoa unaihesabu, mbona mimi nimempa mwenzangu pointi na bei ni yake. Tony Bennett wa Virginia, bingwa wa 2019, alikuwa ameshaondoka Oktoba mwaka huohuo 2024, wiki chache kabla ya msimu, akasema hii kazi ilivyo sasa siyo ya mtu kama yeye.

Na hapa kwetu? Najua mlikuwa mnasubiri. 2024 chuo chetu cha Kentucky wanapigwa na Oakland raundi ya kwanza, kocha Calipari anahamia Arkansas, anafika kule anasema nimekutana na timu, hakuna timu, wote wameshaondoka. Huku kocha mpya Mark Pope anaanza kazi bila mchezaji hata mmoja wa skolashipu aliyebaki. Akaokoteza, Lamont Butler kutoka San Diego State, Koby Brea kutoka Dayton, Amari Williams kutoka Drexel, Andrew Carr kutoka Wake Forest, watu ambao mwezi wa sita walikuwa wanaulizana majina. Novemba wakawafunga Duke, Machi wakafika kumi na sita bora na majeruhi juu. Kwa hiyo mtu asiniambie wageni hawawezi kuwa timu. Ila wale wengi walikuwa wakubwa, mwaka wao wa mwisho, hakuna aliyekuwa anaiwaza Aprili. Hawakuwa na mnada mbele yao.

Halafu msimu wa 2025-26 zikaandikwa habari za kikosi cha milioni 22. Desemba mkaona Nashville, Gonzaga 94, sisi 59, na mashabiki wetu wa bluu walewale waliosafiri kwa hela zao wakawazomea vijana wao. Mimi simzomei mtoto wa miaka 20, lakini lile zomea mimi nililisikia lina bei ndani yake. Kikosi cha bei rahisi kikipigwa 35 unasikitika, kikosi cha milioni 22 kikipigwa 35 unadai chenji.

Hiyo bei inamtafuna hata mchezaji mmoja mmoja. Coleman Hawkins alitoka Illinois kwenda Kansas State 2024, ikaandikwa dola milioni 2. Timu ikamaliza imeshinda 16 imepoteza 17. Machi 2025 baada ya mechi ya mwisho alikaa mbele ya waandishi akalia, mtu mzima, anawaomba msamaha mashabiki. Kila alipokosa mpira msimu mzima kuna mtu mtandaoni alikuwa anapiga hesabu imepotea dola ngapi. Vijana, mnaoota milioni mbili, oteni na hiyo pia.

Vyuo vidogo nivipitie haraka. Saint Peter's ya Jersey City mnaijua, hapa jina lake halitajwi mezani, walitutoa 2022 wakaenda mpaka nane bora. Ndani ya wiki chache kocha kaenda Seton Hall na wachezaji wametawanyika, Bryant, La Salle, St. Bonaventure, hukohuko Seton Hall. Chuo kidogo sasa hivi kikifanya vizuri kinakuwa duka la wengine. Lakini kwa mtoto wenu siyo mbaya, ndo njia aliyopita Clayton.

Sasa Oscar. (Hapa walipiga makofi, nilisubiri.) Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, wengine mnawajua ndugu zake, mnaongea naye Kiswahili akipita. 2022 mchezaji bora wa taifa, pointi 17 na ribaundi 15 kila mechi, sura maarufu kuliko gavana. Na hakuweza kuchukua hela kama wenzake! Kwa sababu alikuwa na viza ya mwanafunzi, ile F-1, na hiyo viza haikuruhusu kufanya kazi ya kulipwa hivihivi ndani ya Marekani, na serikali tangazo inalihesabu ni kazi. Wenzake wanaokaa benchi wanaendesha magari ya udhamini, yeye anaangalia. Agosti 2022 timu ilipoenda kucheza Bahamas ndo akatumia zile siku kufanya dili zake huko, nje ya ardhi ya Marekani. Mnaona mtu alivyohangaika. Zach Edey wa Purdue, Mkanada, mchezaji bora miaka miwili mfululizo, alikuwa kwenye mtego huohuo.

Wazazi, hapa sikilizeni kuliko kote. Kama familia yenu iliingia kama wakimbizi, au mna green card, au uraia, mtoto ana haki ya kufanya kazi na shida ya Oscar haimgusi. Kama kuna mpwa mnamleta kutoka nyumbani kwa F-1 aje kucheza, huyo asisaini kitu chochote, hata fulana ya bure ya duka la mtaani, kabla hamjaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Wa uhamiaji, siyo ajenti. Ajenti akikosea anatafuta mteja mwingine, mtoto akikosea anapoteza viza. Na viza yenyewe siku hizi haina uhakika, Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kampala, siku anacheza nne bora na Duke Aprili 2025 ndo siku hiyohiyo serikali ilitangaza inafuta viza za wenye pasipoti za nchi yake.

Ahadi za mdomo. Kuna kijana wa futiboli ya Kimarekani chuo cha UNLV, Las Vegas, Matthew Sluka, Septemba 2024 timu imeshinda mechi tatu kati ya tatu, yeye ndo kwotabeki, anayeongoza mashambulizi, akaondoka katikati ya msimu. Upande wake wakasema msaidizi wa kocha alimuahidi dola laki moja, kwa mdomo. Chuo kikasema hakuna kitu kama hicho. Nani mkweli Mungu anajua, ila karatasi haikuwepo, na timu ikabaki na maswali. Sisi tumelelewa neno la mtu mzima ni neno, na mimi naheshimu hiyo, lakini hapa mtu akikwambia usijali tutamuangalia kijana, mwambie asante sana baba, niandikie.

Ikiandikwa, isomeni yote, tafuteni wa kuwasomea kama Kiingereza ni kigumu, siyo mtoto mwenyewe awe mkalimani wa mkataba wake. Angalieni nani analipa, chuo au mfuko au kampuni, maana mfuko wa matajiri unaweza kukauka. Analipwa kwa kufanya nini. Akivunjika goti inakuwaje. Kocha akiondoka inakuwaje. Na kuna kifungu siku hizi wanapenda kukiweka, mchezaji akihama mapema arudishe hela au chuo kipya kilipe, mimi binafsi nakipenda kidogo maana kinatuliza ile Aprili, lakini lazima ujue kipo. Kwa walio sekondari, kila jimbo lina masharti yake, pita kwanza kwa mkuu wa michezo wa shule kabla ya kupokea chochote.

Na kodi jamani. Hii hela mara nyingi hawaikati kodi mwanzoni. Inakuja nzima, kijana ananunua viatu, anamtumia bibi Uvira, ananunua gari, halafu mwakani inakuja fomu ya 1099, inayoonyesha ulilipwa kiasi gani, na tarehe 15 Aprili serikali inataka fungu lake, na kijana hana. Akipewa elfu kumi, theluthi iwekwe pembeni siku hiyohiyo, kwenye akaunti ambayo hana kadi yake. Ajenti naye anakata chake, muulizeni asilimia ngapi kabla, siyo baada. Na wale mnaopata msaada wa ada kwa sababu ya kipato kidogo, hiyo hela inaweza kuhesabiwa kuwa kipato, ulizeni ofisi ya fedha ya chuo isije ikawa mmepewa kwa kulia mkanyang'anywa kwa kushoto.

Mimi nimeongea sana, kocha mwenzangu anaangalia saa. Mama mwenye kitenge cha kijani hapo mbele alinyoosha mkono tangu nilipotaja kodi, tuanze na yeye, halafu huyu kijana wa nyuma anayecheka.